Jinsi ya kufanya umakini wa Kibudha kama unaogopa watu (kwa sisi wa Arusha na Moshi)

Wengi wanaoanza hii meditesheni ya Kibudha wanaambiwa kitu kilekile, kaa sehemu tulivu, funga macho, angalia pumzi, sikiliza moyo unavyodunda, jisikilize. Kwa mtu wa kawaida ni sawa kabisa. Kwa mwenye hofu ya watu hapo kuna shida, maana kujisikiliza ndo kazi unayoshinda nayo kutwa nzima. Ukiongea unasikiliza sauti yako inavyotoka, ukishika kikombe unaangalia mkono kama unatetemeka, mtu anakupa stori na nusu ya akili yako iko kwake, nusu nyingine imesimama pembeni inakukagua kama trafiki wa barabara ya Moshi. Sasa ukiongezewa tena nusu saa ya kujikagua unatoka hapo hofu imepanda, alafu unasema aah haya mambo hayanifai.

Yanakufaa, ila unayaanzia upande mwingine. Umakini unao tayari, tena mwingi kupita kiasi, tatizo umejaa sehemu moja tu. Kwahiyo haya maelekezo yote yanahusu vitu viwili, kuutoa kwako uupeleke kwenye nyayo, kwenye sauti, kwenye uso wa mtu anayeongea na wewe, na kubaki pale hofu ilipokukuta bila kukimbia.

Tuelewane kwanza ni hofu ipi. Aibu kidogo kila mtu anayo. Ninayoiongelea ni ile ya kuogopa kutazamwa na kupimwa mpaka unaanza kukwepa maisha, unapitilizwa kituo kwasababu kumwambia konda shusha mbele ya haisi iliyojaa ni mlima, unazunguka mtaa mzima ili usipite mbele ya kijiwe cha boda, unamwachia mtu chenji yako dukani kwa kuogopa kudai. Na huku kwetu ina adhabu ya ziada maana salamu ndo kila kitu, ukipita wazee bila shikamoo inayosikika hakuna atakayesema huyu kijana anaogopa, watasema mtoto wa fulani siku hizi anaringa.

Wabudha hii kitu wanaijua toka zamani. Kuna fundisho ambalo Budha anahesabu hofu 5: kukosa riziki, kusemwa vibaya, kuogopa mbele ya kusanyiko, kufa, na kwenda pabaya baada ya kufa. Hebu ona hiyo ya 3 imepangwa na nani. Mimi nilipokutana nayo nilicheka, yaani zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kule India kulikuwa na watu wanaogopa vikao!

Najua swali lako la dini. Kuangalia pumzi na nyayo hakukutaki uache kanisa wala msikiti, hakuna unachokiabudu pale. Ila binafsi sipendi watu wanaoichukua wakafuta jina la wenyewe kana kwamba imeota tu Ulaya. Imetoka kwa Wabudha. Mmarekani Jon Kabat-Zinn alipoianzisha kwa wagonjwa kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 aliiweka kwa lugha ya kidaktari ili mtu wa imani yoyote aifanye, lakini mwenyewe alikuwa amejifunza kwa walimu wa Kibudha. Kama roho inakusuta ongea na kiongozi wako wa dini kabla hujaanza, utatulia zaidi kuliko kufanya kwa kujificha.

Anzia nyumbani, macho wazi

Dakika 10 asubuhi zinatosha, kabla hujashika simu. Kaa kwenye kiti, kigoda, hata ndoo iliyogeuzwa, kukunja miguu kama sanamu sio lazima na magoti yako yatakushukuru. Macho usifunge. Yaache yaangalie chini mbele yako kidogo bila kukodoa, maana sisi tukifunga macho ile filamu ya jana inaanza papo hapo.

Anza na nyayo. Vua ndala ukanyage sakafu, sikia ubaridi (mwezi wa 7 Arusha hii sehemu haina shida kabisa), sikia kisigino, vidole, uzito unavyokaa. Alafu viganja juu ya mapaja. Wiki za mwanzo usiende kifuani wala usoni, ndo sehemu hofu inapokaa na ukizitazama mapema utaanza kuhesabu mapigo ya moyo. Ukishasikia nyayo vizuri panua masikio, jogoo, adhana, bodaboda inapandisha kilima, jirani anafagia, maji yanajaza ndoo. Sauti inakuja inaondoka, huna haja ya kuifanyia kitu. Akili ikikimbia, na itakimbia, ikaenda kwenye kile ulichomjibu bosi juzi, irudishe kwenye nyayo bila kujitukana. Huko kurudisha ndo zoezi lenyewe. Mtu aliyerudisha mara nyingi amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa ametulia tu anasinzia.

Na usidhani kuruka pumzi ni kuchakachua. Fundisho kubwa la umakini linaitwa Satipatthana, lina sehemu 4: mwili, ladha ya kila kinachokugusa yaani kitamu kichungu au hakina habari, hali ya akili, na mwisho yale mambo yanayoizuia na kuisaidia akili. Kwenye mwili pumzi imo, lakini pia kumo kusimama, kutembea, kukaa, kulala, kula, kuongea na kunyamaza. Kuongea kumo! Watu wengi wanaishia kwenye pumzi na uvumba wanaona wamemaliza.

Baada ya wiki kadhaa nyayo zikishakuwa nyumbani ndo unapanda taratibu kifuani, unakaa pumzi chache, unarudi chini. Hapo utahitaji ule mfano wa Budha wa mishale 2. Mtu kachomwa mshale, anaumia, alafu anachomwa mwingine palepale. Kwetu sisi mshale wa kwanza ni mashavu kupata moto, koo kukauka, jasho kwapani, huu unakuja wenyewe na huwezi kuuzuia kwa nguvu. Wa pili tunajichoma wenyewe: wameona, wananiona mshamba, kesho watanisema, kwanini niko hivi mimi. Zoezi ni kuishia kwenye wa kwanza. Joto la mashavu ni joto, likiachwa peke yake linapanda linafika mwisho linashuka.

Njia rahisi ya kuishia pale ni kutaja. Mtawa wa Burma aliyeitwa Mahasi Sayadaw, alifariki 1982, ndiye aliyeisambaza sana, unataja kimoyomoyo kinachotokea kwa neno 1 au 2 kisha unaendelea. Joto, joto. Kutetemeka. Kusikia. Mimi nakushauri uwe na maneno mawili ya ziada ambayo ni ya ugonjwa wetu. Moja ni kukisia, pale unapoamua mtu anawaza nini kichwani kwake bila kumuuliza. Lingine ni kurudia, ile ya usiku umelala unacheza mazungumzo ya saa nane mchana neno kwa neno mpaka saa saba usiku. Ukijikuta humo usibishane nayo na usijaribu kuthibitisha kwamba uliongea vizuri, taja tu kurudia, kurudia, rudi kwenye uzito wa mwili kwenye godoro. Itakuja tena, utataja tena. Taja kwa lugha unayootea ndoto, Kichaga, Kimeru, Kimasai, haina noma.

Alafu toka nje

Hapa ndo penyewe na ndo sehemu wengi wanapakwepa, unakuta mtu ana miaka anakaa chumbani anatulia kama maji ya mtungi alafu mgeni akigonga mlango anajificha.

Kuna simulizi ya Budha kabla hajafikia mwanga (yaani kabla hajauelewa ukweli kamili), anaeleza alivyokuwa anakaa misituni usiku kwa makusudi, sehemu za kutisha. Tawi likivunjika, mnyama akipita, hofu inamjia. Anasema kama ilimkuta anatembea aliendelea kutembea mpaka ikaisha, hakusimama, hakukaa. Ikimkuta amesimama alibaki amesimama. Ikimkuta amekaa, amekaa. Hiyo ndo sheria ya kuondoka nayo hapa: usibadilishe ulichokuwa unafanya kwa ajili ya hofu. Ukitoroka katikati mwili unajifunza kwamba ulipona kwa kutoroka, na safari ijayo itadai utoroke mapema zaidi.

Anza na kutembea. Chagua njia fupi, sema Sanawari kushuka kuelekea Mnara wa Saa, au kwa wa Moshi kuzunguka mtaa wa soko la Mbuyuni, asubuhi watu wakiwa wachache kisha siku nyingine watu wakiwa wengi. Nyayo zilezile. Tembea mwendo wako wa kawaida tafadhali, usije ukaiga watawa wa kwenye video wanaonyanyua mguu dakika nzima, utaulizwa kama unaumwa na utapata watazamaji wa kweli. Ukikaribia kijiwe cha boda utasikia mwili unataka kuvuka barabara. Taja kutaka kuvuka. Usivuke. Kanyaga, kanyaga, inua macho, toa salamu moja, niaje wakuu, endelea na safari. Wakijibu sawa, wasipojibu sawa.

Daladala. Hofu ya kusema shusha inaanza vituo viwili kabla, na kosa ni kusubiri moyo utulie ndo useme, hautatulia kwa sababu unausubiri. Weka nyayo chini, sikiliza muziki wa humo ndani (utausikia tu utake usitake), tazama nje ujue uko wapi, ukifika sema "konda, shusha hapo" na moyo wako ukidunda hivohivo. Sauti ikitoka ndogo rudia kwa kubwa. Lengo hapa ni ushuke kituoni kwako, kutulia kukija ni nyongeza.

Sokoni, Kilombero au Mbuyuni, fanya zoezi la macho. Unapouliza bei ya nyanya mtazame anayekujibu, uso wake, ana kanga ya rangi gani, amechoka au anacheka, sauti yake imekwama. Utashangaa muuzaji wala hakukagui, anawaza nyanya zake zisioze na ushuru. Hiyo hutaipata kwa kuambiwa, lazima umuangalie. Na weka simu mfukoni. Ile kutoa simu ukijifanya unasoma meseji, earphone masikioni bila muziki, kofia imeshuka, kuongea haraka ili iishe, hayo yote ni maficho, yanakupa nafuu ya dakika na yanakunyima nafasi ya kuona kwamba hakukuwa na simba. Usiyaache yote kwa mpigo. Acha moja, wiki zikipita acha lingine.

Kuna na ile ya kutakia heri, metta. Mapokeo yanasema Budha aliwafundisha watawa waliokuwa wametishwa na mizimu ya msituni wakashindwa kukaa, akawarudisha palepale na hilo fundisho. Unamtakia mtu kimoyomoyo, awe salama, awe na amani, mambo yake yaende. Walimu wengi wanasema anza na wewe mwenyewe, ila ukijichukia kidogo kama wengi wetu itasikika kama uongo, kwahiyo anza na anayekupa raha bila jasho, mtoto wa dada, bibi, hata mbwa. Kisha konda. Kisha yule mama wa dirishani wa ofisini anayekujibu bila kukutazama. Ukiwa kwenye foleni unamtakia heri aliyeko mbele yako ni vigumu sana kwa wakati huohuo kuwaza anakuonaje mgongo wako, nafasi imejaa.

Vikao, utambulisho na ahadi

Sasa tuje kwenye vita kubwa. Kanisani: "wageni wote tunaomba msimame mjitambulishe." Kikao cha harusi: wanaanza kona ya kule, jina, unatokea wapi, ahadi yako shilingi ngapi, na zamu inakusogelea kiti kwa kiti. Wakati huo hausikii jina la mtu yeyote kwasababu unafanya mazoezi ya jina lako mwenyewe, jina ulilolitumia toka ubatizo.

Fanya hivi. Kabla ya kikao amua kiasi cha ahadi na uandike, hilo lisiamuliwe na hofu maana hofu huwa inaahidi laki 2 mfukoni kuna 30,000. Zamu zikianza gusisha nyayo zote mbili chini, mgongo kwenye kiti, na kazi yako iwe kusikiliza majina. Mmoja mmoja. Anaitwa nani, katokea Machame au Rombo, amesema nini. Ukipotelea kwenye mazoezi ya jina lako taja kujiandaa, rudi kwa anayeongea. Ikifika kwako simama, vuta pumzi 1 ya kawaida, sema jina, unakotoka, ahadi, asanteni, kaa. Usiongeze maelezo ya kujitetea. Ukishakaa moto utapanda usoni, huo ni mshale wa kwanza umechelewa tu, wewe sikiliza anayefuata. Hapa wengi wanapoteza kikao chote, wamekaa wanajikagua walivyosema mpaka soda zinagawiwa.

Kitu kinachonisaidia ni mstari wa Dhammapada, kitabu cha mistari ya mafundisho ya Budha, ule wa 227, maana yake kwa ufupi ni kwamba jambo hili sio la leo: anayekaa kimya wanamlaumu, anayeongea sana wanamlaumu, anayeongea kwa kiasi naye wanamlaumu, hakuna duniani asiyelaumiwa. Sasa kama lawama haziepukiki kwa yote matatu, unaweza kuongea tu.

Mambo mawili ambayo watu wa meditesheni hawayagusi

Wabudha wa kawaida wana kanuni 5 za kuishi na mbili kati ya hizo zinatuhusu sisi kuliko watu wengine, nashangaa zinavyorukwa. Moja ni kutosema uongo. Hofu ya watu inafanya mtu awe muongo mzuri sana, "nimeamka na homa", "niko njiani" na hujaoga, "simu ilizima chaji". Kila uongo unakununulia jioni moja na unakuachia deni la kukumbuka ulisema nini kwa nani, deni ambalo nalo ni hofu. Jaribu mwezi mmoja bila hizo. Kukataa unaruhusiwa: "shangazi asante kwa kunialika, sitafika, mchango wangu nitautuma kesho." Hana haja ya homa yako. Na ukisema ukweli kwa mmoja unayemwamini, kwamba kwenye watu wengi napata shida ila najitahidi, utakuta kikao kijacho kuna mtu anakushikia kiti.

Nyingine ni pombe. Huku kwetu mbege inakuja kwenye kila sherehe na bia ndo inaanzisha mazungumzo, na mwenye hofu anagundua mapema kwamba mbili za haraka zinafungua mdomo. Shida ni kwamba aliyeongea pale ni bia, wewe hujajifunza kitu, alafu asubuhi hofu inarudi imenenepa, na kuna watu wameingia kwenye ulevi kwa mlango huu huu. Kaa nusu saa ya kwanza ya sherehe na maji au soda, nyayo chini, acha hofu ipande na ishuke yenyewe kabla hujaamua chochote. Ila kama umekuwa unakunywa sana kila siku usikate ghafla peke yako, mwili unaweza kuleta matatizo ya hatari, pita kwa daktari.

Walimu na hospitali

Tanzania Wabudha ni wachache sana. Dar kuna hekalu lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka enzi za ukoloni, na karibu na Entebbe kuna kituo alichokianzisha mtawa Mganda, Bhikkhu Buddharakkhita, mwaka 2005. Kuna pia kozi za siku 10 za kimya za mapokeo ya mwalimu wa meditesheni S. N. Goenka zinazofanyika nchi nyingi, hazina ada, watu wanachangia baadaye wakitaka. Kwa hizo kozi nina neno: siku 10 bila kuongea na mtu ni pepo kwa mwenye hofu ya watu, na hapo ndo mtego ulipo, unaweza kurudi ukiwa fundi wa kukaa kimya. Na kama unapata mashambulio ya hofu au umepitia jambo zito, kukaa muda mrefu hivyo kunaweza kukuvuruga, uliza kwanza na jaza fomu kwa ukweli.

Kama hofu imekufanya uache chuo, uache kazi, au imefika miezi 6 na zaidi unakwepa kila kitu, au unafikiria kujidhuru, meditesheni peke yake haitoshi, na hilo la kujidhuru usisubiri hata kesho, mwambie mtu leo na uende hospitali. Kuna tiba ya mazungumzo ambayo inafanya kazi vizuri kwa hii hofu, tena inafanana sana na haya ya kwenda sokoni, na kuna dawa, zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi na hazikatwi bila daktari. Hazigombani na kukaa asubuhi na nyayo zako. Anzia hospitali ya rufaa, Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa Moshi, uliza huduma ya afya ya akili.

Najua kikwazo ni dirisha la mapokezi, foleni iko nyuma yako na dada anauliza kwa sauti unaumwa nini. Andika nyumbani kwenye karatasi: jina, umri, "nina hofu kubwa ya kuwa mbele ya watu, imeanza lini, inanizuia kufanya nini, naomba kuonana na mtu wa afya ya akili." Mpe shikamoo au habari za kazi, msukumie karatasi. Akiuliza zaidi mjibu kwa kifupi, nyayo zote mbili zikiwa chini.